Sisimizi wa Mzee Wino

Hadi jua linagonga dirisha la ofisi, Kupe alikuwa amekwisha kupitia vitabu vyote vya kusomea vilivyowekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa, na hakuona sisimizi hata mmoja.

Alisukuma kiti nyuma akajinyoosha. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi: meza, kompyuta iliyohema kama mtu mwenye pumu, feni isiyogeuza shingo, na kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haifunguki mpaka uipige teke. Alipokuwa polisi, kitengo cha hati za kughushi, wenzake walimbandika jina la Kupe kwa sababu akishagandia jambo humbandui bila kutoka na ngozi. Alistaafu, jina likakataa kustaafu naye.

Kesi ilionekana nyepesi ilipoingia mlangoni. Binti mmoja mshona nguo alikuja na malalamiko ya baba yake. Huyo baba, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Wino, alisema ndiye aliyechora picha zote za vitabu ambavyo watu wenye mvi leo walijifunzia kusoma. Sasa kampuni ya uchapishaji ilikuwa inavitoa upya, kwa jalada gumu, na mahali pa mchoraji wameweka jina la mtu mwingine: mkuu wa zamani wa idara yao ya picha, anayejulikana na wote kama Bwana Brashi. Mzee Wino hakutaka fidia wala samahani. Alitaka jina lake liwemo kitabuni, na alitaka alisome mwenyewe. Hapo ndipo penye haraka, kwa sababu macho yake yalikuwa yanapofuka. Daktari alishasema hakuna dawa wala upasuaji. Kilichobaki ni tundu dogo la mwanga katika jicho la kushoto, nalo lilizidi kupungua.

Mhariri wa kampuni, mama mwenye msimamo asiye na hila, hakuzunguka mbuyu. Vitabu vinaingia mtamboni kesho kutwa. "Nileteeni ushahidi nitasimamisha kazi," alimwambia Kupe. "Maneno matupu siwezi kuyachapa."

Ushahidi ulikuwa sisimizi. Zamani hizo, alieleza Mzee Wino, hakuna mchoraji aliyeruhusiwa kutia sahihi. Mara ya kwanza alipoitia, Bwana Brashi aliikwangua kwa wembe mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo akawa anaficha sisimizi mmoja katika kila picha, mdogo, mweusi, pale ambapo mtu mwenye haraka hatamwona. Lakini nakala zake mwenyewe ziliharibika alipohamahama, na zile za shule ya mazoezi ya chuo cha ualimu, ambazo hifadhi ilizipiga picha, zilirudishwa ghalani, paa likavuja, zikaoza. Kilichobaki duniani ni picha za mtandaoni. Na mtandaoni hapakuwa na mdudu.

Simu iliita. Binti mshona nguo.

"Dada, umewaona?"

"Bado natazama."

"Umetazama tangu juzi."

"Na leo nimo," Kupe alisema. "Mwambie baba nakuja kwake mchana."

Hakutaka kusema zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa mara ya kwanza tangu achukue kazi hii alikuwa anajiuliza kama hajafika mwisho wa njia hiyo akiwa amemshika mkono mteja wake mwenyewe. Wazo hilo lilimuudhi. Alirudi kwenye skrini kwa hasira, akafungua picha aliyoipenda kuliko zote.

Ilikuwa uani kwa mtu. Bibi amerudi safari, mzigo wake bado haujafunguliwa, na wajukuu wako kwenye mkeka. Mvulana amelala kifudifudi, kidevu juu ya mikono. Msichana amenyoosha kidole. Mdogo kabisa amechuchumaa, ameshika magoti asije akaanguka. Bibi mwenyewe ameinama, ameinua miwani kidogo kwenye pua. Wote wanne wanatazama mahali pamoja pa mkeka, na mahali hapo hapana kitu.

Kupe alisoma maandishi ya chini. Habari za safari, salamu za shangazi, zawadi zitafunguliwa jioni. Hakuna neno juu ya mkeka.

"Mnatazama nini?" aliwauliza.

Akakuza picha. Mkeka ulikuwa umechorwa ukindu kwa ukindu, mistari myembamba inayopandana na kupishana, kazi ya mtu asiye na haraka. Akakuza tena. Pale kidole cha msichana kilipoelekea, mistari mitatu ilikatika, ikaacha weupe wa ukubwa wa punje ya mchele, kisha ikaendelea. Mkono uliochora ukindu wote ule usingesahau hapo tu.

Akafungua picha ya kisima. Mpini wa ndoo ulikuwa na pengo. Ya soko: mkono wa mizani ulikatika katikati, kidogo tu, ungedhani ni kosa la uchapaji. Ndipo alipoliona jambo lililokuwa limekaa mbele yake siku zote hizo. Karatasi zilikuwa nyeupe mno. Vitabu vilivyopita mikononi mwa watoto wa shule, kizazi baada ya kizazi, havikuwa na alama ya kidole, tone la mafuta wala doa la wino. Kitengoni walikuwa wakifundishwa kwamba ukikosa kilichoandikwa, utafute kilichofutwa. Kupe alichapa kurasa alizozihitaji, akazitia kwenye mkoba, akashuka ngazi.

*

Duka la binti lilikuwa na cherehani mbili, nguo za wateja zilizoning'inia mpaka darini, na mlangoni, penye mwanga, Mzee Wino alikaa na sinia la vifungo mapajani akivipanga kwa kuvipapasa. Vidole vyake havikusita.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, Kupe. Nimekujua kwa viatu. Kimoja kimelika upande." Akaweka kifungo mahali pake. "Hukuwaona, siyo?"

"Sijasema hivyo. Nataka uniambie mmoja mmoja alikuwa wapi. Nitarekodi kwenye simu. Sema kama unavyokumbuka, na usipokumbuka sema hukumbuki."

"Polisi hastaafu," alisema mzee, akacheka kifuani. "Haya. Picha ya kisima, yuko kwenye mpini wa ndoo, anapanda. Picha ya soko, yuko juu ya mkono wa mizani, upande wa bidhaa. Yule muuzaji nilimchora mwizi, nikaona nimsaidie kuongeza uzito."

Binti, nyuma ya cherehani, aliacha kukanyaga.

"Ya darasani?"

"Sikioni mwa mwalimu. Anaingia."

"Na ya mkeka?"

Mzee alifunika vifungo kwa kiganja, kana kwamba vitamsikia. "Ile nilichoka kuficha. Nikamweka katikati ya mkeka na familia nzima nikaiambia imtazame. Nikasema, leo Brashi atamwona tu, na afanye atakavyo. Akaipokea. Akaigeuza huku na huku. Akaniambia majani ya mti wa nyuma ni mengi, akaitia kwenye bahasha."

"Baba," alisema binti, "mbona hayo hujawahi kuniambia mimi?"

"Wewe uliniuliza kama nina ushahidi. Hukuniuliza sisimizi walikuwa wanafanya nini."

Kupe alizima kinasa. Hapohapo, bado amesimama mlangoni, alimtumia Mhariri sauti ile nzima na ujumbe mfupi chini yake: usisikilize bado, ila usiifute, na angalia vizuri imeingia lini. Binti alimfuata mpaka barazani, futi ya kushonea ikining'inia shingoni.

"Dada, niambie ukweli. Mzee anasema kweli?"

"Sijui bado."

"Ndugu zangu wameshanisusa kwa ajili ya jambo hili. Wanasema namtia mzee aibu uzeeni, namtembeza ofisi za watu kwa ndoto zake."

"Kama ni ndoto, wewe ndiye nitakayekuambia kwanza," Kupe alisema. "Lakini mtu haoti mapengo."

Binti hakuelewa, na Kupe hakukaa kumwelewesha.

*

Hifadhi ilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye baridi ya kiyoyozi na harufu ya gundi. Ukutani, karibu na mapokezi, palikuwa na ubao wa shaba wenye majina ya walezi wa taasisi. Kupe aliusoma kutoka juu. Jina la pili lilikuwa la Bwana Brashi, lile refu la kwenye cheti cha kuzaliwa.

Damu ya polisi ilimchemka. Mtu anayedai picha ni mlezi wa nyumba ambamo picha zimefutwa: nani asingeona? Alipanda ngazi akiwa ameshamhukumu, jambo ambalo kitengoni lingempatia karipio.

Mtaalamu wa skana alikuwa bwana wa makamo, mpole, glavu nyeupe za pamba mikononi, meza yake haina hata vumbi. Wenzake walimwita Sabuni. Kupe aliweka ile picha ya mkeka mbele yake bila kuomba kiti.

"Hii ni kazi ya nani?"

Sabuni aliitazama, uso ukang'aa. "Yangu, mama. Umeona ilivyotakata?"

"Nimeona. Bwana Brashi huja humu?"

"Huja sana. Ni mlezi wetu."

"Mara ya mwisho alikuja kufanya nini?"

"Alikaa kiti hicho hapo, kutwa nzima, anapitia vitabu hivi kwenye skrini. Anatazama picha, anaandika. Alisema anajikumbusha kazi yake."

"Akakuomba uondoe kitu kwenye picha."

"Aliniomba chai."

"Nikuulize tena."

"Niulize hata mara kumi, mama. Aliniomba chai, na maziwa hayakuwepo." Sabuni alianza kuingiwa na wasiwasi. "Kwani kuna nini? Vitabu hivi nilivisafisha kabla hata hajaanza kuja. Yeye alivikuta viko hivi."

Kupe alikaa. Nadharia yake nzuri ya ngazini ilikuwa imemfia mikononi, na hakuwa mtu wa kulilia maiti ya nadharia. "Nieleze namna mnavyosafisha," alisema. "Polepole, mimi sijui kitu."

Sabuni alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo raha ilivyomrudia. Kitabu kinakuja kutoka shuleni kikiwa balaa. Kwanza kinapigwa picha kilivyo. Halafu programu inatafuta madoa yote madogo yaliyojitenga na kuyafuta yenyewe. Lakini mashine haina jicho, inaacha mengi, kwa hiyo yeye huketi na kila ukurasa akafuta yaliyobaki kwa mkono.

"Madoa ya nini hasa?"

"Nzi, zaidi. Nzi wa shule hawana adabu. Wino, mafuta. Na hivi vya seti hii vilikuwa na sisimizi wengi ajabu, wamebanwa humo kurasani, wakafa wakakauka. Nilihangaika nao. Kila ukurasa..."

Akaigeukia ile picha ya mkeka.

"Kila ukurasa?" aliuliza Kupe.

"Wenye picha," alisema Sabuni. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mmoja mmoja. Kwenye maandishi matupu hawakuwemo." Alivua glavu moja, akaitazama kana kwamba ina damu. "Mama, nilidhani ni uchafu."

"Zile picha za mwanzo, kabla ya kusafisha, mlizitupa?"

"Hatutupi. Zimo kwenye diski, kabatini. Lakini hizo hatuonyeshi watu. Ni chafu, ni aibu."

"Nionyeshe aibu hiyo."

"Inahitaji ruhusa ya meneja, na meneja yuko likizo."

"Ana simu?"

"Amesema asisumbuliwe. Ameoa juzi."

Kupe alivua viatu, akaviweka chini ya kiti, akaegemea. "Nitangoja. Nimeshawahi kungoja mtu amalize kifungo, fungate hainishindi."

Sabuni alimtazama, akaelewa kwamba huyu mama hatoki. Akapiga simu. Aliomba radhi mara nyingi, akaeleza mara mbili, akaomba radhi tena, na mwishowe akaitikia kwa kichwa, ingawa mtu wa upande wa pili hakuweza kumwona. Alifungua kabati, akatoa diski, akaiunganisha. Kurasa za manjano zilianza kufunguka, zenye madoa, vidole, na jina la mtoto fulani lililokwaruzwa pembeni.

Kisima kwanza. Kwenye mpini wa ndoo alikuwepo sisimizi, anapanda. Kwenye mizani, upande wa bidhaa, mwingine. Darasani Kupe alilazimika kusogeza uso mpaka pua ikaribie kioo: ndani ya sikio la mwalimu, nusu ya mwili tayari imeshaingia. Mwisho Sabuni alifungua mkeka. Pale kidole kilipoelekea, alisimama sisimizi mwenye miguu sita, amebeba punje, na chini yake mchoraji alikuwa ametia kivuli kwa mistari miwili. Familia nzima ilikuwa inamtazama, na sasa nyuso zao zilikuwa na maana.

Mzee hakudanganya. Kila mahali alipopataja palikuwa na mdudu wake.

"Nimewaua wote," alisema Sabuni.

"Umewaua kwenye skrini. Hapa wako hai. Nichapie hizi na zile safi, kwa jozi. Kila moja andika faili lilitengenezwa lini, weka sahihi na muhuri." Kupe alivaa viatu. Akili yake ilikuwa imeshatoka nje ya jengo hilo. Bwana Brashi alikuja hapa kujikumbusha kazi yake, na alijikumbushia kwenye picha zilizosafishwa. Amesomea mtihani kwenye kitabu kilichofutwa majibu. "Na usimwambie mtu."

"Hata mlezi?"

"Yeye hasa."

*

Kesho yake asubuhi walikutana kwenye chumba cha mikutano cha kampuni. Juu ya meza kurasa za majaribio zilikuwa zimetandazwa, zikinuka wino mbichi. Bwana Brashi alifika na fimbo yenye kichwa cha fedha, manukato yakamtangulia. Alikuwa mzee wa kupendeza, wa kusalimia kila mtu kwa mkono na kumuulizia watoto. Kupe alimwamkia, naye akaitikia kwa upole wa kweli.

"Nasikia una mashaka na mimi, binti yangu."

"Nina maswali tu, mzee. Mwenye kazi hachoki kuulizwa kazi yake."

"Uliza."

Kupe alimsogezea picha ya mkeka, ile safi. "Hii umeichora wewe?"

"Kwa kalamu ya nibu. Nakumbuka hata kiti nilichokalia."

"Wanatazama nini?"

Bwana Brashi aliishika karatasi kwa mikono miwili. Mhariri, aliyekuwa anapanga kurasa, aliinua kichwa. Mzee akatabasamu.

"Sindano," alisema. "Bibi ameangusha sindano yake. Wote wanaitafuta, na wewe msomaji unaitafuta nao, huioni, kwa sababu sindano ikianguka mkekani haionekani. Ndio ufundi wenyewe."

Lilikuwa jibu zuri. Kupe alikiri hilo moyoni, na alimwona Mhariri naye akilipenda.

"Kwa hiyo hapo hukuchora kitu."

"Niliacha patupu kwa makusudi."

"Huenda umesahau. Miaka ni mingi."

"Mtu hasahau mtoto wake. Patupu, kwa makusudi."

"Mama Mhariri umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mhariri.

Kupe alitoa karatasi ya pili, ya manjano, yenye muhuri, akaiweka juu ya ile nyeupe. Mhariri aliinama. Aliinua miwani kidogo kwenye pua, akakaa hivyo.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni uchafu," alisema Bwana Brashi. "Vitabu vya shule vina wadudu."

"Uchafu hautiwi kivuli, mzee. Na sisimizi huyu yuko kwenye kila picha. Mtaalamu wa hifadhi aliwafuta akidhani kama unavyodhani wewe, na ulipokwenda kujikumbusha ulikuta wameshafutwa." Kupe akamgeukia Mhariri. "Jana nilikutumia sauti. Imeingia kabla muhuri huu haujapigwa wala diski haijafunguliwa. Sasa isikilize."

Sauti ya Mzee Wino ilitoka kwenye simu, kavu, ya taratibu. Mpini wa ndoo, anapanda. Mizani, upande wa bidhaa. Mhariri alizifuata kwa kidole kwenye karatasi za manjano, moja baada ya nyingine, na kila kidole kilipotua palikuwa na sisimizi amemtangulia. Mzee alipofika kwenye majani ya mti wa nyuma na bahasha, Bwana Brashi aliilaza fimbo yake mezani. Uso ulikuwa umembadilika. Alionekana mtu aliyeitwa jina na mtu asiyemtarajia.

"Nilidhani amekufa," alisema.

"Hajafa."

"Nilisikia alikufa zamani. Nikasema, basi zimebaki hazina mwenyewe." Hakumtazama mtu. "Mimi ndiye niliyezitunza. Aliyezipeleka mtamboni ni mimi."

Hakuna aliyembishia hilo, maana lilikuwa kweli. Alichukua fimbo, akatoka bila kuaga, yeye aliyeingia akisalimia kila mtu. Mhariri alipiga simu mtamboni, akasema maneno machache, akakata. Kisha akavuta ukurasa wa taarifa za kitabu, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina refu la Bwana Brashi.

"Tutaweka la Mzee Wino hapa hapa," alisema. "Chini ya mwaka wa toleo, ndipo mchoraji anapokaa kwa desturi."

Kupe alitazama herufi za ukurasa ule. Zilikuwa ndogo kuliko sisimizi.

"Hatasoma hizo."

"Atasomewa na binti yake."

"Sikuchukua kazi hii asomewe." Kupe alikaa, na Mhariri, aliyeanza kumjua, aliona jinsi alivyokaa. "Anaona kwa tundu moja dogo, na halitangoja toleo la pili. Mpe ukurasa wake."

"Ukurasa mzima? Hata mwandishi hana ukurasa mzima."

"Mwandishi anaona."

Mhariri aliweka kalamu chini. Alifikiri jinsi wahariri wanavyofikiri, akihesabu kurasa kwa midomo, akitafuta pa kuusogeza ukurasa wa yaliyomo na pa kubana utangulizi. Kisha akaenda kwenye kompyuta ya pembeni, akaketi.

"Nitajie," alisema, "na unitajie taratibu, nisije nikamkosea."

*

Binti alifunga cherehani walipoingia. Kupe alikuwa ameushika ukurasa kwa ncha za vidole, wino usimguse. Alimwekea mzee sinia pembeni, akamlazia karatasi mapajani, akamgeuza kidogo ili mwanga uje kutoka kushoto.

Jina lilijaa ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo, jeusi tupu, na juu yake neno moja tu: Mchoraji.

Mzee Wino aliinama. Alifunga jicho la kulia, akalileta la kushoto karibu kabisa na karatasi, akaanza mwanzo wa jina. Alikwenda herufi kwa herufi, kichwa kikisogea polepole, kikasimama, kikarudi, kikaenda tena. Nje mtu alikuwa anagombana na mwenye baiskeli. Binti alikuwa amejishika mdomo, hajui kama baba yake anasoma au anajifanya anasoma ili asimuumize.

Mzee alifika mwisho. Akarudi katikati. Alikaa hapo muda mrefu, uso umekunjamana, na Kupe, ambaye hakuwa mtu wa kuomba, aliomba.

"Herufi ya tatu," alisema Mzee Wino, "imekaa mbali na ya nne."

Binti alivua futi shingoni. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akapima nafasi ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu. Ya tatu ilizidi kwa upana wa uzi. Alilaza kichwa kwenye goti la mzee akalia kwa sauti, na mzee akamwekea mkono kichwani bila kuondoa jicho kwenye karatasi.

Kupe alitoka barazani na simu yake.

"Mama Mhariri," alisema, "msichape bado. Mwenye picha ameona kosa."